Husuni Kubwa haikuwa ngome

Juma lililopita nilikuwa Rutamba, na jioni moja nikaukuta ubishi kwenye kibaraza cha duka. Kijana mmoja alishikilia kwamba Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ilijengwa na Wareno. Mzee aliyekaa pembeni akasema hapana, ile ni ngome ya vita ya watu wa kale. Wakanigeukia: "Haya, mwanangu wa redio, tuamulie." Nikaahidi kuwajibu hapa.

Wote wawili wamekosa. Wareno waliivamia Kilwa mwaka 1505, na ngome yao waliijenga pale lilipo Gereza. Wakati huo Husuni Kubwa ilikuwa na umri wa karibu miaka 200. Mzee yeye amepotoshwa na jina, maana husuni kwa Kiarabu ni ngome. Lakini mahali penyewe ni nyumba ya mtu tajiri, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeamua kuishi nje ya mji, juu ya genge linalotazama bahari, mwanzoni mwa karne ya 14.

Vyumba vyake vinapita mia. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba, ambao wataalamu wanaamini ulikuwa wa biashara. Dhahabu ya Sofala ndiyo iliyoitajirisha Kilwa. Kaskazini ni makazi yenyewe, na humo mna birika la kuogea lenye pembe nane. Niliposimama ukingoni mwake nilijiuliza ni mabega ya nani yaliyobeba maji hayo. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, anausifu sana ukarimu wa Sultani huyu. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, akampa. Kisha fakiri yule akaongezewa pembe za ndovu, na watumwa pia. Kwa hiyo tunapousifu ukarimu ule, tukumbuke kuwa miongoni mwa zawadi walikuwamo binadamu.

Neville Chittick, mtaalamu aliyeyachimbua magofu hayo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kuwa nyumba ilikaliwa kwa muda mfupi tu, na ujenzi haukukamilika.

Adui wake leo ni mvua. Maji yanachimba udongo chini ya kuta, pale gengeni. Miti iliyoota inauzuia udongo usiporomoke, lakini mizizi yake inapasua mawe. Ukiikata, udongo unakwenda. Ukiiacha, ukuta unakwenda. Magofu ya Kilwa, yaliyo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliwekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mvua haikutolewa.

Basi, kijana wangu wa Rutamba, teremka Lindi, panda basi la Dar es Salaam, shuka Nangurukuru, ushike njia ya Kilwa Masoko. Chukua kibali hapo kwanza, ndipo uvuke. Na mzee mchukue.