Je, Wajua? Kipini Puani Ukiwa na Miaka 45

Je, wajua kwamba mmoja wa watu wa zamani kabisa barani Afrika wanaoaminika kutoboa uso alizikwa jirani na Simiyu? Mwaka 1913 mwanajiolojia Mjerumani, Hans Reck, alifukua mifupa ya binadamu katika Bonde la Olduvai, ng'ambo ya Serengeti ukitokea huku Bariadi. Wataalamu humwita OH1, na wanakadiria aliishi kati ya miaka 12,000 na 20,000 iliyopita. Fuvu lake lilichukuliwa Ujerumani, na zaidi ya miaka 100 ikapita ndipo watafiti wakachapisha, mwaka 2020, walichokiona kwenye meno yake. Meno ya mbele ya chini yamelika upande wa nje, ule unaogusana na mdomo, mahali ambapo chakula hakisagwi. Yale ya pembeni yamelika upande wa mashavu, kulia na kushoto. Kitu kigumu kilikuwa kikiyasugua kila alipoongea na kila alipotafuna. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba alivaa mapambo matatu: moja kwenye mdomo wa chini, na moja kila shavu.

Sasa mchukue mama wa miaka 45 wa Sola, huku huku Simiyu. Ameuza pamba, ada za watoto amelipa, zimebaki fedha za kununua kipini kidogo cha dhahabu, na anawadokezea majirani kwamba anataka kutoboa pua. Atasikia mambo mawili. La kwanza: "Hayo ni ya wageni." La pili: "Hayo ni ya wasichana, mayu, wewe umeshakuwa bibi." La kwanza limeshajibiwa na meno ya Olduvai.

La pili limejibiwa Uturuki. Kusini-mashariki mwa nchi hiyo kuna kijiji cha kale kiitwacho Boncuklu Tarla, ambako makaburi ya takriban miaka 11,000 yamekutwa na vipuli vya mawe na vitu vingine, zaidi ya 100, vingine vikiwa bado vimelala pale pale penye sikio au chini ya mdomo wa marehemu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2024. Watoto wa kijiji kile walizikwa na shanga, ila hakuna mtoto hata mmoja aliyekutwa na pambo la kutoboa mwili. Wote waliokuwa nayo walikuwa watu wazima, na wapo waliokwenda kaburini wakiwa wazee. Yaelekea kwao tundu la mdomoni lilikuwa alama ya kukua.

Yupo na yule mwanamume aliyegandishwa na barafu mpakani mwa Austria na Italia, akapatikana mwaka 1991 na kupewa jina la Ötzi. Alikufa miaka kama 5,300 iliyopita, naye alikuwa na umri wa karibu miaka 45. Matundu ya masikio yake yalikuwa yamepanuliwa hadi kupitisha penseli.

Je, wajua kwamba Rebeka alivikwa pete ya puani? Soma Mwanzo sura ya 24. Mtumishi wa Ibrahimu alimkuta kisimani, akampa pete ya dhahabu yenye uzito wa nusu shekeli, yaani gramu 5 hivi na ushee, akamtia puani. Kipini cha siku hizi hakifikii hata gramu 1. Wanaopinga hukimbilia Mambo ya Walawi 19:28, lakini aya ile inazungumzia kujichanja kwa ajili ya wafu na kujichora alama mwilini. Pua haikutajwa. Nasema hivi kwa sababu najua wapo wanaolala macho wakihofia kutengwa kanisani, na ni bora waende kwa mchungaji wao wakiwa wamesoma.

Kwenye masikio, mambo huku kwetu ni kinyume kabisa na kule Boncuklu Tarla. Sikio hutogwa mwenyewe akiwa hajui kitu. Sayyida Salme, binti wa Sultani aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1886 kwamba mtoto wa kike katika nyumba yao alitogwa siku ya 7 tangu kuzaliwa, matundu 6 kila sikio, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri. Bara tulitumia sindano ya kushonea au mwiba, kisha njiti ya ufagio ikakatwa vipande viwili vifupi, ikapakwa mafuta na kupachikwa tunduni pasizibe mpaka hereni zipatikane. Wanawake wengi wanaosoma hapa wamewahi kwenda shule na njiti hizo masikioni. Hakuna aliyewauliza kama wanataka. Pua ya miaka 45 ni tundu la kwanza ambalo mwenyewe analiamua, na kwangu mimi hapo ndipo uzito wote wa jambo hili ulipo.

Majirani zetu nao wana yao. Wataturu, tunaopakana nao Meatu, wana wanawake wenye alama za mviringo zilizochanjwa kuzunguka macho. Wamakonde wa Newala walivaa ndonya, kipande cha mti kilichopitishwa mdomo wa juu, tundu likianza dogo na kupanuliwa kwa miaka. Leo mila hiyo imekwisha. Kenya, wanaume wazima wa Kipokot walining'iniza puani kipande cha aluminiamu chenye umbo la jani.

Tuje kwenye mwili wenyewe, maana hapa umri una neno.

Je, wajua kwamba kovu linalovimba na kukua kupita jeraha, lile liitwalo keloidi, hutokea zaidi kwa watu wenye umri wa miaka 10 hadi 30? Watu weusi huathirika zaidi kuliko weupe. Kwa hiyo aliyevuka 40 ana nafuu kidogo juu ya kijana, na ana faida nyingine kubwa zaidi: ana ushahidi. Angalia kovu la chanjo begani, la kidonda cha jembe, la upasuaji wa uzazi. Kama mojawapo limeota nyama ngumu inayong'aa na kuwasha, au kama mama yako na ndugu zako wana makovu ya namna hiyo, pua yako iache. Keloidi ikikatwa peke yake bila tiba nyingine hurudi mara nyingi, na pengine hurudi kubwa kuliko mwanzo.

Upande wa hasara ni uponaji. Ndewe ya sikio hupona kwa wiki 6 hadi 8. Pembe ya pua huchukua miezi kadhaa, na gegedu la juu ya sikio laweza kufika mwaka. Kisukari huchelewesha vidonda vyote, na wengi huishi nacho bila kujua. Pima sukari kabla ya kununua kipini. Anayetumia aspirini kila siku au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza, wala asiache dawa kwa uamuzi wake. Pia pua imo ndani ya eneo ambalo madaktari huliita pembetatu ya hatari: kutoka katikati ya macho mpaka pembe mbili za mdomo, mishipa ya damu inawasiliana na ile iliyo nyuma ya macho, karibu na ubongo. Usaha kufika huko ni nadra sana, lakini pua iliyovimba na kuambatana na homa haisubiri mpaka kesho.

Jambo linalosahaulika ni hili. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya homa ya ini aina ya B mwaka 2002. Mwenye miaka 45 leo hakuipata utotoni, na kirusi hicho hupita kwenye sindano yenye damu ya mtu mwingine. Mnadani utamkuta kijana na meza ya hereni, pembeni ana bastola ya plastiki ya kutobolea, anaifuta kwa kitambaa kati ya mteja na mteja. Plastiki ile haivumilii mvuke mkali wa kuua vijidudu, na kifaa chenyewe kimeundwa kwa ndewe laini. Kwenye gegedu hupasua badala ya kutoboa. Tafuta mtu anayefungua sindano mpya mbele ya macho yako. Kipini kiwe cha titani au dhahabu halisi, kwa kuwa vile vya bei ya kutupa mara nyingi vina nikeli, madini yanayowasha ngozi za watu wengi.

Na mdomo? Vipini vya mdomoni na ulimini husukuma ufizi ukarudi nyuma na hupasua meno. Mtu wa Olduvai alilipa gharama ya namna hiyo, na meno yake bado yanaionyesha.

Je, wajua kwamba masikio hayaachi kukua? Mwaka 1995 daktari Mwingereza James Heathcote alichapisha vipimo vya watu 206 wenye umri wa miaka 30 na kuendelea: sikio liliongezeka urefu kwa wastani wa milimita 0.22 kila mwaka. Hereni nzito ulizovaa ukiwa na miaka 20 zinavuta ndewe iliyolegea zaidi sasa. Ukiwa na matundu ya zamani, punguza uzito.

Kwa mtumishi wa umma, mwalimu au muuguzi, upo waraka wa utumishi wa umma kuhusu mavazi kazini. Usome, kisha zungumza na mkuu wako wa kazi kabla ya sindano.

Na kwa anayesitasita, vipo vipini vya kubana visivyohitaji tundu. Kivae wiki mbili. Nenda nacho kisimani, kanisani, kwenye kikao cha VICOBA, na kwa wakwe. Ukiona umechoka kujibu maswali, kivue usiku huo huo. Ukiona umesahau kwamba umekivaa, mtafute mwenye sindano mpya.