Mzuka wa baba 'ulikaa' au 'alikaa'?

Mjukuu wangu yuko gredi ya sita. Majuzi aliniletea insha yake ya Kiswahili, uso umemshuka. Walikuwa wameambiwa waandike kisa cha kutisha, naye akaandika kuhusu baba yake aliyefariki mwaka juzi. Katika kisa hicho baba anarudi usiku, stima zikiwa zimepotea, anaketi kwenye kiti chake mezani na chai inapoa mbele yake kwa sababu hawezi kuinywa. Anauliza iwapo ile baiskeli ilitengenezwa. Basi. Hakuna anayepiga mayowe.

Mwalimu aliandika chini: "Kisa hakitishi." Isitoshe, kila palipokuwa na "mzuka alikaa" na "mzuka aliuliza", kalamu nyekundu ilisahihisha: ulikaa, uliuliza.

"Babu, nani amekosea?"

Nianze na sarufi maana ndiyo kazi yangu. Mwalimu alifuata umbo la neno: mzuka, mizuka, ngeli ya U-I. Lakini Kiswahili kina kanuni inayolishinda umbo. Kiumbe mwenye uhai hupewa upatanisho wa A-WA hata jina lake likiwa na sura ya ngeli nyingine. Twasema kipofu ameketi, mtume amefika, kiboko amezama. Je, mfu naye? Hebu sikiliza matangazo ya vifo redioni: marehemu alikuwa mkulima, mwili wake utazikwa Jumamosi. Mwili unapewa u-, marehemu anabaki na a-. Lugha inatenga kile kinachoingia ardhini na yule aliyetutoka. Mzuka ukiwa kinyago cha kutishia watoto, U-I inautosha. Mvulana huyu hakuwa akiandika kuhusu kinyago.

Msamiati wetu nao umewaweka wafu karibu sana na walio hai. Mzuka latokana na kuzuka, yaani kutokea ghafla. Kizuka ni mzuka pia, lakini huko Pwani kizuka ni mjane aliye katika eda, anayekaa ndani miezi 4 na siku 10 baada ya kufiwa na mume. Neno moja linambeba mfu anayejitokeza na aliye hai anayejisitiri. Mzimu, ambalo wengi siku hizi hulitumia kwa maana ya mzuka, lilikuwa pia jina la mahali pa kutambikia. Ndiyo maana ya mzimu katika riwaya ya Muhammed Said Abdulla ya 1960, Mzimu wa Watu wa Kale.

Mwaka 1969 John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alipochapisha kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alikiandika kwa Kiingereza lakini akaazima maneno mawili ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Kwa Mbiti, aliyefariki hubaki katika Sasa maadamu yupo mtu aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Ni mfu aliye hai. Akiondoka wa mwisho anayemkumbuka, ndipo anapozama katika Zamani. Wanafalsafa wamembishia sana Mbiti kuhusu wakati ujao, nami simtetei hapo. Kuhusu wafu, nadhani aliona sawasawa.

Vitabu vya watoto ninavyokutana navyo havifiki huko. Mzuka huwa mwizi aliyejifunika shuka, au dubwana la kuwanyamazisha watukutu. Said Ahmed Mohamed alimfufua babu katika Babu Alipofufuka, lakini amkabili mtu mzima mwenye madaraka. Kwa watoto, mfano ninaoupenda ni wa Mwingereza Neil Gaiman, The Graveyard Book, wa 2008. Mtoto ambaye familia yake imeuawa analelewa na wafu wa makaburini hadi anapokuwa kijana, ndipo anaanza kushindwa kuwaona na inambidi atoke langoni. Kuagana huko kunachukua miaka. Sisi tunazika Jumamosi, Jumatatu mtoto yuko darasani.

Tena tunamdanganya. Mkwe wangu alipofariki, mimi profesa wa lugha ndiye niliyemwambia mtoto, "Baba amesafiri." Kwetu watu wazima hiyo ni tasfida, lugha ya kupunguza makali. Mtoto hupokea neno kama lilivyo, na msafiri hurudi. Alipelekwa kwa shangazi hadi mazishi yakaisha. Sasa nikiisoma insha naona amefuata tu mantiki ya sentensi yangu: baba alisafiri, baba amerudi, ila chai haimpiti kooni. Ukweli ambao sikuthubutu kumwambia aliutia mwenyewe ndani ya kikombe.

Nilimweleza kwamba mwalimu alitazama neno na yeye alitazama mtu, na kwamba kwa vyovyote vile insha inatisha. Ilinitisha mimi. Pia nilimwambia waziwazi jinsi baba yake alivyofariki, na siku gani.

Ameiandika upya. Amefuta "mzuka" kote na kuweka "baba", ili kalamu nyekundu ikose pa kushika. Mama yake aliisoma jikoni, akairudia. Baiskeli iko kwa fundi tangu Jumatatu.