Mashini Ikiachwa na Kiwanda, Je, Imekufa?

Mwaka 2006 ulikuwa wa mwisho kwa kampuni ya Yamaha ya Japani kuuza katika Marekani pikipiki yake ya magurudumu manne iitwayo Banshee. Ilikuwa imeuzwa huko tangu 1987, na vijana waliipenda kwa mashindano ya mbio katika vilima vya mchanga. Kiwanda kilipoiacha, wengi walidhani kwamba habari yake imekwisha: zilizobaki zingetumika mpaka zichoke, kisha zitupwe. Haikuwa hivyo. Leo mtu mwenye fedha aweza kuunganisha mashini ya namna hiyo karibu yote kwa vipande vipya, asitumie hata silinda moja iliyotoka katika kiwanda cha kwanza. Vipande hivyo hutengenezwa na karakana ndogo.

Msomaji wa Tanga, au Pangani, au Mkinga, atauliza: Pikipiki ya michezo ya Wamarekani yatuhusu nini sisi? Yatuhusu sana. Injini yake ni ya ukoo mmoja na zile mashini za boti za kuchanganya oili na petroli, ambazo wavuvi wa pwani hii wamezifunga nyuma ya vyombo vyao kwa miaka mingi. Na swali ni moja tu kwa wote: Kiwanda cha mbali kikiamua kuacha kutengeneza chombo unachokitegemea kwa chakula cha watoto wako, utafanya nini?

INJINI YENYEWE

Wataalamu huiita injini ya mipigo miwili. Katika injini ya kawaida ya motokaa, pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Katika injini ya mipigo miwili, pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, kazi imekwisha. Haina vali kama zile za motokaa wala mtambo wa kuzifungua. Ina matundu tu ubavuni mwa silinda, na pistoni yenyewe inapopita ndiyo inayoyafunga na kuyafungua.

Kwa sababu hiyo injini hii ni nyepesi, ina nguvu nyingi kuliko ukubwa wake, na vipande vyake ni vichache. Ile ya Banshee ina silinda 2, na ujazo wake wote ni sentimita za ujazo 347. Uchache huo wa vipande ndio uliowapa moyo mafundi wadogo. Kitu chenye vipande vichache ni rahisi kukielewa, na kitu unachokielewa waweza kukiunda.

KWA NINI VIWANDA VILIIACHA

Lakini wepesi huo una gharama yake. Petroli mpya inapoingia katika silinda, tundu la kutolea moshi lingali wazi, na sehemu ya petroli hutoroka kabla ya kuungua. Katika injini za zamani za namna hii, sehemu hiyo yaweza kufika robo ya petroli yote. Ni kama mama anayetia maji katika mtungi wenye ufa: ndoo nne amezichota, moja imekwenda chini. Oili nayo huungua pamoja na petroli, ndiyo maana tunaona ule moshi wa buluu.

Mwaka 2002 serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kupunguza moshi wa vyombo vinavyokwenda nje ya barabara, nazo zikaanza kushika vyombo vya mwaka 2006. Viwanda vikubwa viliona heri kuhamia injini za mipigo minne. Wengine walikuwa wamekwisha kutangulia: Honda iliacha pikipiki yake ya TRX250R mwaka 1989, na Suzuki ikaacha LT250R mwaka 1992.

Tena kulikuwa na jambo la usalama, na wazazi walisikie. Kabla ya magurudumu manne kulikuwa na vyombo vya magurudumu matatu, ambavyo Honda ilianza kuviuza mwaka 1970. Vilikuwa vyepesi kupinduka, na miongoni mwa walioumia na kufa walikuwa watoto wengi. Mwaka 1988 watengenezaji walipatana na serikali ya Marekani kuacha kuviuza vipya. Gurudumu la nne lilipunguza hatari, halikuiondoa. Chombo cha namna hii si kichezeo cha mtoto.

KARAKANA NDOGO HUFANYAJE

Kiwanda kikubwa husubu alumini katika kalibu za chuma kigumu. Kalibu moja ni ghali mno, na gharama yake hairudi mpaka vipande maelfu kwa maelfu vimeuzwa. Wanunuzi wakipungua, kiwanda hakina budi kuacha, hata kama wako watu mia tano wanaokililia kipande hicho.

Karakana ndogo hupita njia nyingine. Fundi huchukua kipande cha zamani, hukipima kila upande, na kukichora. Kisha hutengeneza mfano wake kwa mti, huugandamiza katika mchanga, huutoa, na katika nafasi iliyobaki humimina alumini iliyoyeyushwa. Kikipoa, hukikereza na kukitoboa mpaka kifikie kipimo. Siku hizi kompyuta huongoza mashini za kukatia, lakini njia ni ile ile. Mfano wa mti haugharimu fedha nyingi, kwa hiyo mtu aweza kusubu vipande 20 tu asipate hasara. Mafundi wetu wanaosubu masufuria mazito kwa vyuma chakavu wanaijua njia hii.

Ugumu uko katika kipimo. Sufuria ikizidi milimita moja, ubwabwa utaiva vile vile. Lakini nafasi iliyopo kati ya pistoni ya Banshee na silinda yake ni kama sehemu 6 za mia ya milimita, karibu na unene wa unywele wa mtu. Ikipungua, pistoni hukwama ikipata moto. Ikizidi, hugonga na kupoteza nguvu. Fundi asiye na kifaa cha kupimia hafanyi kazi hii, hata awe na mikono ya dhahabu.

Tena karakana hizo hazitengenezi kila kitu. Beringi, ringi za pistoni na plagi hununua kwa viwanda vikubwa, kwa kuwa vitu hivyo vina vipimo vilivyokubaliwa duniani kote. Beringi yenye namba 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje wa milimita 52, na unene wa milimita 15, ukiinunua Tanga au Tokyo. Mwenye akili hujua lipi la kuunda na lipi la kununua.

Je, sheria yaruhusu? Hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine wasiige uvumbuzi wake, hudumu kwa kawaida miaka 20. Uvumbuzi wa mwaka 1987 umekwisha kuwa wa watu wote. Lakini jina la kampuni haliishi haki yake hivyo. Anayeunda silinda na kuipiga muhuri wake mwenyewe ni fundi. Anayeipiga muhuri wa Yamaha ni mwizi, naye humhatarisha mvuvi atakayezimikiwa na mashini katikati ya mkondo.

YAMAHA YENYEWE ILIANZAJE

Mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu huko Japani, kinanda cha shule kiliharibika. Kilikuwa kimetoka ng'ambo. Akaitwa fundi mmoja, Torakusu Yamaha, akitengeneze. Alikifungua, akatazama jinsi kilivyoundwa, akakitengeneza. Kisha akaunda chake mwenyewe. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya vinanda yenye jina lake.

Mwaka 1955 Yamaha ilitoa pikipiki yake ya kwanza, YA-1, ya mipigo miwili na ujazo wa sentimita 125. Nayo haikubuniwa upya tangu mwanzo. Iliundwa kwa mfano wa pikipiki ya Kijerumani, DKW RT125, ya kiwanda cha mji wa Zschopau. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza waliuchukua mfano huo huo wakaunda BSA Bantam, Wamarekani wakaunda pikipiki ndogo ya Harley-Davidson, na Warusi wakaunda yao. Mashini moja iliendelea kuishi katika nchi nyingi kwa majina mengine.

Basi tuliangalie jambo hili. Kampuni ambayo mashini zake tunazingoja zije kwa meli ilianzishwa na fundi wa kutengeneza vilivyoharibika, na pikipiki yake ya kwanza ilikuwa mwigo wa kazi ya wengine. Kutengeneza ndiko kulikokuwa mlango wa kuunda.

JE, SISI?

Tanga si mgeni wa mashini. Ujenzi wa reli ulianza hapa mwaka 1893, na mwaka huo huo uliletwa mkonge, miche 62 tu ikiwa imebaki hai baada ya safari ndefu. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa yenye mitambo ya kutoa singa. Mtambo ulipovunjika Korogwe au Muheza, meli ya Ulaya haikungojwa kwa kila bolti. Fundi wa karakana alichukua tupa na mashini ya kukereza, akafanya kazi.

Katika Afrika ya Mashariki wako waliojaribu makubwa zaidi. Kibaha kuna kituo cha Nyumbu, kilichounda malori ya jina hilo. Nchini Kenya, Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 waunde motokaa. Mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa mbele ya watu. Hayakufika sokoni, kwa kuwa fedha za kuendelea hazikupatikana. Hatuwacheki waliojaribu. Ila twajifunza kwamba ni vigumu kuanza na gari zima. Wale mafundi wadogo wa Marekani hawakuanza na pikipiki nzima. Walianza na kipande kimoja kilichokosekana dukani, kisha cha pili, mpaka siku moja wakaona kwamba vyote vipo.

Nasi tuanze na kipande. Bushi, mabano, gasketi, bomba la moshi, na hata lile bomba la chuma la ndani ya silinda, haya yote fundi mkerezaji mwenye vipimo sahihi aweza kuyafanya. Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, liko Tanga. Chuo cha VETA kiko Tanga. Wavuvi wana vyama vyao. Kinachokosekana ni kukaa pamoja. Kipande kikivunjika, kisitupwe kwanza. Kipelekwe kikapimwe, vipimo viandikwe katika daftari la chama, na mfano wake wa mti utunzwe. Baada ya miaka mitano daftari hilo litakuwa mali kuliko mashini kumi. Haba na haba hujaza kibaba.

TUFUFUE LIPI?

Hapa yatupasa kusema kweli. Si kila kilichoachwa chafaa kurudishwa. Petroli ile inayotoroka na oili isiyoungua, kwa mashini ya boti, huingia baharini. Bahari yetu ndiyo yenye Hifadhi ya Silikanti, samaki wa kale kabisa, iliyotangazwa mwaka 2009. Ndiyo pia yenye dagaa na changu wanaotulisha. Mvuvi anayechafua maji anachafua sahani yake.

Kwa hiyo mwenye mashini ya zamani na aitunze. Achanganye oili kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu chake, asikisie kwa macho. Oili ikizidi ni moshi na hasara, ikipungua pistoni hukwama. Arudipo pwani, aiendeshe mashini kwa maji baridi ili chumvi itoke. Na siku ya kununua mpya, apime na ya mipigo minne, maana petroli itakayookolewa kila siku ni fedha pia. Ufundi wa kusubu, kukereza na kupima haupotei. Utatumika kwa injini hiyo kama ulivyotumika kwa ile. Moshi si lazima tuufufue, lakini mikono yenye kujua twaihitaji.

Mtegemea cha ndugu hufa maskini, walisema wazee. Nanyi wazazi, mwenye kijana nyumbani anayefungua redio na baiskeli kila zinapoharibika, asimkaripie upesi. Ampe sanduku la kuwekea skrubu zisipotee, amnunulie rula ya chuma, na ampeleke kwa fundi mwaminifu ajifunze kupima. Kisha amdai arudishe redio ikiwa inasema.