SRO: si chumvi na sukari tu

Pakiti ya SRO, ile serum ya kunywa wanayotoa kwenye kituo cha afya mtoto anapoharisha, wengi hapa Bungulu wanaichukua kama chumvi na sukari tu. Lakini ndani ya pakiti ya lita 1 kuna vitu vinne: chumvi gramu 2.6, glukozi 13.5, kloridi ya potasiamu 1.5, na sitrati ya sodiamu 2.9. Hiyo ya mwisho ndiyo watu wanasahau.

Damu haipendi asidi izidi wala ipungue. Ule malimau ao sombe, pH yake inabaki kati ya 7.35 na 7.45. Inayoilinda hapo ni hasa bikaboneti, ikisaidiwa na mapafu na figo. Wanafunzi wa kemia wanaita kitu cha namna hiyo tampo: asidi ikiingia, kinaimeza. Hata maziwa iko na tampo yake. Tone la limau ndani ya maji linaonja mara moja. Ndani ya maziwa, protini na fosfati vinalimeza. Endelea kukamua na sasa maziwa inakatika, maana mlinzi ameshindwa.

Mtoto akiharisha sana, bikaboneti inatoka pamoja na maji ya tumbo. Asidi inapanda katika damu, na mapafu inajaribu kusaidia kwa kutoa hewa ya kaboni haraka. Ndiyo sababu mtoto anaweza kupumua kwa nguvu na mbio hata bila kikohozi. Hapo hakuna kungojea nyumbani, ni kukimbia hospitali.

Sitrati ikifika mwilini inageuka bikaboneti. Zamani waliweka bikaboneti yenyewe ndani ya pakiti, lakini kwenye joto na unyevu iliharibika upesi.

Pakiti ikikosekana, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya sukari ndani ya lita 1 vinasaidia kurudisha maji, ila sitrati na potasiamu hazimo. Fanta nayo si serum; sukari yake nyingi inaweza hata kuzidisha kuharisha.

Kisha kuna kosa la kugawanya pakiti moja kwa bilauri bilauri. Hiyo ni ya lita 1 nzima, mara moja. Chupa kubwa ya maji ya dukani mara nyingi ni lita 1.5, basi pima kwanza. Maji iwe imechemshwa na kupoa. Serum inayobaki baada ya saa 24, mwaga.