Sauti Iliyozaliwa Nyumba ya Mfanyakazi

Ndugu msomaji, je, ungekubali kutoa gramafoni ya nyumba yako ili mtoto wa miaka mitano apate piano? Wazazi wa Leontyne Price walifanya hivyo. Gramafoni ikawa malipo ya kwanza. Baba alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, mama alikuwa mkunga. Binti huyo alizaliwa mwaka 1927 mjini Laurel, Mississippi, Marekani, ambako Mtu Mweusi alibaguliwa kwa sheria.

Aliimba kanisani, akasoma Ohio, kisha akaingia chuo cha muziki cha Juilliard, New York. Mwaka 1955 alipoimba *Tosca* katika televisheni, baadhi ya vituo vya Kusini vilikataa kumwonyesha. Hakuvunjika moyo.

Opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Mwenye soprano, sauti ya juu kabisa ya kike, hujaza ukumbi mzima bila kipaza sauti. Tarehe 27 Januari 1961, Leontyne alipoimba kwa mara ya kwanza katika Metropolitan Opera, New York, alishangiliwa kwa zaidi ya nusu saa. Jumba jipya la Metropolitan lilipofunguliwa mwaka 1966, yeye ndiye aliyeigiza Cleopatra. Mwaka 1985 aliaga jukwaa la opera kwa *Aida*, kisa cha binti mfalme wa Kihabeshi aliyetekwa Misri.

Ndugu mzazi, kipaji cha mtoto hakichagui nyumba. Sikiliza mwanao anapoimba jikoni. Huenda zamu ya kutoa gramafoni ni yako.