Ngozi Mgongoni mwa Upinde

Watu wengi wakiona upinde uliovikwa ngozi mbichi mgongoni hudhani ngozi ndiyo inayousukuma mshale. Sivyo. Nguvu imo ndani ya mti. Ngozi ina kazi moja tu, na ni kazi kubwa: kuuzuia mti usipasuke.

Upinde ukivutwa, tumbo lake, linalomwelekea mpigaji, hubanwa, mgongo hunyooshwa. Mgongoni ndiko upinde unakoanzia kufa. Unyuzi mmoja uliokatwa na randa huinua kibanzi chembamba, na kibanzi hicho hukimbia na mti mpaka upinde ukatike mkononi. Nyuzi za mti zote huelekea upande mmoja, kwa hiyo ufa hupata njia. Za ngozi zimesukwa huku na huku kama mkeka. Ufa hauna pa kupita.

Kano ni habari nyingine. Ishi, mwindaji wa kabila la Wayahi aliyejitokeza Oroville, California, mwaka 1911, alibandika kano kwenye pinde zake. Kano hunyooka na kurudi kwa nguvu, hivyo huuongezea upinde msukumo. Daktari Saxton Pope alijifunza upinde kwake, lakini katika kitabu chake cha 1923 alieleza pia namna ya kuvika ngozi mbichi mgongoni ili kuulinda mti.

Kinachoniudhi ni haraka. Mtu hupata ngozi nzuri, akaibandika juu ya mti usioandaliwa, ikabanduka, kisha akailaumu gundi. Upinde uwe umekwisha kuchongwa hadi mikono yake yote miwili ikunjike sawasawa. Kingo za mgongo zilainishwe, kisha mgongo ukwaruzwe kwa meno ya msumeno ili gundi ipate pa kushika. Miti yenye mafuta, kama Maclura wa Marekani, huoshwa kwa maji ya majivu, husuuzwa na kukaushwa. Baada ya hapo usiuguse kwa vidole, maana vidole vina mafuta.

Sasa linafuata jambo ambalo wengi huliruka. Gundi ya ngozi, iliyozimuliwa ikawa nyepesi, hupakwa na kuachwa ikauke, mara mbili au tatu. Mti mkavu una kiu. Usiponyweshwa kwanza, huifyonza gundi ya mwisho na kuiacha ngozi bila kitu cha kuishika. Gundi hiyo nayo imetoka kwenye ngozi: ni kolajeni iliyoyeyushwa. Joto la nyuzi 60 hivi linaitosha. Ikichemka, minyororo ya kolajeni hukatika na gundi hudhoofika.

Ngozi iliyolowekwa ikalainika hulazwa, hufungwa kwa vitambaa, na ikikauka hujikaza. Usitie ugwe mapema: unyevu umeingia mtini, na mti wenye unyevu ukikunjwa hubaki umekunjika. Mwisho pakaa mafuta au vanishi, kwa sababu mvua huirudishia ngozi ulaini wake.

Kwa kuvika pinde, Marekani wako mafundi wanaolainisha mifupa ya ngozi inayouzwa dukani ili mbwa waitafune. Huku kwetu, baada ya Iddi el-Hajj, ngozi za mbuzi huoza majalalani. Inaniuma. Ngozi mbichi, bila kutiwa dawa yoyote, huwambwa ngoma, hufunga mpini wa shoka uliopasuka, hufunika mbao za matandiko ya farasi, hufumwa kwenye viatu vya theluji, husokotwa kamba za kunasia ng'ombe, hushonwa ngao, ala za visu.