Begi mgongoni hadi Ukara, safari isiyo ya kukimbia

HUKU kwetu Mutakura, mtu akipita alfajiri na begi kubwa mgongoni majirani huuliza maswali mawili tu: anahama, au anakwenda kurangura? La tatu halimo vichwani mwetu, na si ajabu. Mitaa hii ya kaskazini mwa Bujumbura imeona mabegi mengi. Mwaka 1993 na miaka iliyofuata, kisha tena mwaka 2015, watu walifunga walichoweza kubeba wakatoka. Wengi wetu tuliporudi, tulirudi na begi lile lile, limechakaa zaidi.

Wenzetu wa Ulaya na Australia begi hilo wanalitumia vingine. Kijana akimaliza shule hutia nguo tatu na kitabu, akaenda kutembea visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki: Samoa, Fiji, Rarotonga. Huko Rarotonga barabara inayozunguka kisiwa kizima ni kilomita 32 tu, na mabasi yanayoizunguka ni ya aina mbili, moja linakwenda kulia na jingine kushoto. Panda lolote, utafika.

Nauli ya kwenda huko sina, na nadhani hata wewe msomaji huna. Lakini kisiwa kidogo chenye jua kali, mchanga, mawe makubwa na mitumbwi kipo karibu yetu. Kinaitwa Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, kaskazini mwa Ukerewe. Nilikifikia siku ya tatu tangu nitoke nyumbani, kwa basi, meli, daladala na kivuko. Sikuuza kitu wala sikununua cha kuuza.

Njia wafanyabiashara wanaijua kunishinda: Gitega, Muyinga, mpaka wa Kobero, kisha Kabanga upande wa Tanzania. Kwa kuwa Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, pasi ya kusafiria na kadi ya chanjo ya manjano vilinitosha. Kazi ilikuwa kueleza.

"Mzigo wako uko wapi?" aliniuliza kijana mmoja mbeba mizigo.

"Ndio huu mgongoni."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kutembea."

Akacheka, akawaita wenzake waje kunitazama. Mama mmoja wa magunia ya mchele, ambaye alikuwa akirudi Muyinga, alinihurumia kabisa. "Mwanangu," alisema, "kama umekosa mtaji si useme?"

Baada ya Kabanga unaingia Ngara. Hapa aliyewahi kuishi Lukole hataweza kulala ndani ya basi. Kambi ilifungwa zamani, na vilima vile vimerudi kuwa vilima tu. Abiria wa kiti cha mbele yangu, naye Mrundi, alifungua dirisha, akatazama kama dakika tano hivi, akalifunga. Hatukusemezana.

Kisha Biharamulo, Geita na Sengerema. Wale waliozoea kulala foleni kwenye kivuko cha Busisi watafurahi. Daraja la Kigongo-Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita tatu, lilizinduliwa Juni 2025, na kipande kile cha maji sasa kinapitwa kwa dakika chache. Kwa mwenye lori la samaki, hiyo ni fedha.

Mwanza nilipitia soko la Mwaloni, Kirumba. Hapo ndipo dagaa wengi wa Ziwa Victoria wanapopangwa kwenda Burundi, Rwanda na Kongo. Nilisikia Kirundi kabla sijafika katikati ya soko. Biashara hii si ndogo, hasa ziwa letu likipumzishwa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, na kipindi kama hicho macho yote hugeukia Mwanza.

Meli ya kwenda Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, huchukua saa tatu na zaidi. (Mwenye gari anaweza kuzunguka kwa Bunda na kuvuka Kisorya.) Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ziwa hili, na ndiko alikotoka Aniceti Kitereza, aliyekamilisha riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilichapishwa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Miaka 35 mtu ameshika muswada mkononi! Mimi ningeshauacha uliwe na mchwa.

Kutoka Nansio daladala hukufikisha Bugolora, na hapo ndipo pa kuvukia kwenda Bwisya, Ukara. Maji yalikuwa yametulia. Hata hivyo nilivaa boya kabla kivuko hakijang'oa, na hakuna aliyenicheka, kwani kila mtu wa hapo anajua.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa gati la Bwisya. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa walizidi 220, wengi wao wakitoka gulioni Bugolora. Fundi mmoja wa mitambo alitolewa akiwa hai baada ya siku mbili chini ya chombo kilichopinduka. Wengine walizikwa pale pale Bwisya, na makaburi yao ndiyo karibu kitu cha kwanza mgeni kukiona. Sehemu ya rambirambi ilijenga kituo cha afya cha hapo. Siku hizi kuna kivuko kikubwa zaidi, MV Ukara II.

Nilikaa pale makaburini kitambo. Mama muuza ndizi aliniuliza kama nilikuwa na ndugu aliyelala hapo. Nikamjibu sina, ni mpita njia. Alinipa pole vile vile.

Ukara kwa miguu ndiyo yenyewe. Msomaji wa Ngozi au Kayanza atashangaa, kwa sababu atajiona yuko kwao: watu wamejazana, hakuna kipande cha ardhi kilicholala, na hata mti una mwenyewe. Ng'ombe wanafungwa zizini na kukatiwa majani, samadi inabebwa kichwani hadi shambani. Wakara walifanya hivyo kabla ya Mjerumani, na maofisa wa kilimo wa Kiingereza waliandika habari zao tangu miaka ya 1930. Sisi huku bado tunafundishwa mambo hayo kwenye semina zenye posho.

Kuna pia lile jiwe maarufu linalocheza, kubwa kama nyumba, ambalo wazee hulisemesha kisha likatikisika. Mwenyeji ndiye wa kukupeleka, tena kwa ruhusa. Nililiona likitikisika. Sitabishana na mtu juu ya sababu yake.

Lakini jambo nililolifuata bila kujua lilikuwa jingine. Jioni ya pili nilimkuta mzee akianua dagaa kwenye mwamba. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akanisikiliza maneno mawili matatu, kisha akauliza: "Wewe ni Muha wa Kigoma?"

Msomaji uliyekulia upande ule unajua uzito wa swali hilo. Miaka mingi jibu letu lilikuwa "ndiyo, mzee". Uha ulitupatia shule, kibarua na usingizi. Nilikaribia kulitoa jibu lile lile, ulimi umelizoea.

"Hapana, mzee. Mimi ni Mrundi, natoka Bujumbura."

"Ah, Burundi. Dagaa zetu mnazila sana," alisema, akanisogezea ungo nimsaidie kuanua. Ikawa basi. Hakuuliza karatasi, hakuuliza nimekimbia nini. Alitaka tu kujua kwetu gunia linauzwaje, nami nikamwambia bei ya ndagala soko la Cibitoke. Akaguna.

Kwa anayetaka kwenda: fika kwanza ofisi ya kijiji ujiandikishe, itakuepushia maswali. Chagua chumba chenye chandarua, na usioge ziwani hata maji yakivutia vipi, kwani kichocho kimejaa visiwa hivi. Uliza saa ya kivuko cha kurudi siku moja kabla. Kikiwa kimejaa, ngoja kinachofuata.

Ukishindwa kujizuia na ukanunua dagaa, nunua za mwambani au za kwenye vichanja, si za mchangani, maana mchanga nao unapimwa kilo. Na epuka siku za mbalamwezi. Taa za wavuvi hazivuti dagaa mwezi ukiwaka, hivyo mitumbwi hulala, bei hupanda, na usiku ziwani huoni kitu.